Ramani Iwekwe Mezani: Niliyojifunza Pembezoni mwa Lubumbashi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa kamati ya wakaaji wa kartie moja, yaani mtaa, iliyokua pembezoni kabisa mwa Lubumbashi, ndani ya Komuni Annexe, mojawapo ya komuni, yaani wilaya, za mji huu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kuandika barua, kuhudhuria mikutano na kutunza nakala za karatasi zinazohusu mvutano wetu na ofisi zinazopanga matumizi ya ardhi ya mji na ya jimbo. Ninaandika haya kwa ajili ya wale wanaojenga leo mahali ambapo majuzi tu palikuwa na miti na vichuguu, kwa sababu naona kartie nyingine zinaingia katika njia ile ile tuliyopitia sisi, na zinapoteza nyumba na fedha kwa mambo ambayo yangeweza kuzungumzwa mapema.

Mji huu ulipata ramani kabla ya kupata watu. Mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika na mitambo ya kuyeyusha shaba ilipokuwa ikitayarishwa, wakoloni walichora barabara zinazokatana mraba kwa mraba, wakauita mji Élisabethville, na baadaye wakatenga eneo tupu kati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika. Komuni za Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi nazo zilipimwa kabla ya watu kugawiwa viwanja, na hadi leo anayetembea Katuba anaona avenyu zilizonyooka ambazo zilichorwa na mtu aliyeketi ofisini. Komuni Annexe, inayozizunguka zile komuni nyingine sita, imekua kinyume chake: watu wamefika kwanza, vijia vya wachoma makaa vimegeuka avenyu, na mpimaji amekuja mwisho. Sisemi kwamba utaratibu wa kwanza ulikuwa wa haki, maana ulikusudiwa kuwatenga watu kwa rangi yao. Ninachosema ni kwamba ofisi tulizorithi zilizoezwa kuchora mahali patupu, na hazijazoea bado kuchora mahali penye watu.

Wengi wetu tulitoka komuni za Kenya, Katuba na Kampemba, tukiwa tumechoshwa na kodi ya nyumba inayodaiwa kwa dola pamoja na dhamana ya miezi mingi. Kiwanja pembezoni kilikuwa ndiyo njia pekee ya mwalimu, ya fundi wa magari au ya mama anayeuza unga kuwa na kwake. Viwanja hivyo tuliuziwa na watu wa aina mbili. Wengine walinunua kwa mfumu, yaani chifu, wa kijiji, ambaye ukoo wake ulikuwa hapa kabla ya mji, na wengine kwa warithi wa shamba kubwa la tangu enzi za ukoloni ambalo lilikuwa likikatwakatwa vipande. Mfumu alitoa karatasi yenye saini na muhuri, warithi walitoa mkataba uliopigwa chapa, kisha ofisi ya komuni ikatufungulia fishi ya kiwanja, yaani karatasi ya kumbukumbu yake, na kuanza kupokea ada zake. Kwa mkaaji wa kawaida hayo yalitosha kabisa. Tulikuwa na muuzaji, mashahidi, muhuri, na serikali iliyopokea fedha.

Sheria ilisema jambo jingine. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inatamka kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na mtunza hati za ardhi, wala si na muhuri wa mfumu au fishi ya komuni. Sheria hiyo hiyo iliahidi kwamba haki za jamii zinazokalia ardhi kwa mila zingewekewa utaratibu kwa amri ya Rais, na amri hiyo haikutolewa katika miongo yote iliyofuata. Ndiyo maana mfumu anaendelea kuuza, mnunuzi anaendelea kuamini, na ofisi inaendelea kusema kwamba haijaona kitu. Mtu akiniuliza mgogoro wa pembezoni unaanzia wapi, mimi humwonyesha pengo hilo kabla ya kumtaja mtu yeyote.

Mwishoni mwa kiangazi kimoja, misalaba myekundu ilitokea kutani. Ilikuwa rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi pana, na chini yake maneno mawili ya Kifaransa, « À démolir », yaani « Ibomolewe », pamoja na tarehe. Kwenye nyumba ambazo hazijapigwa lipu, rangi ilizama ndani ya matofali, na waliojaribu kuisugua kwa petroli waliishia kuwa na doa kubwa zaidi. Waliopaka hawakuacha barua. Shefu wa kartie hakuwa na habari, naye mwenyewe alikuta msalaba kwenye ukuta wa uani kwake. Tulipofuatilia, ofisi moja ilitujibu kwamba hilo ni agizo la jimbo, nyingine ikasema ni la mji, na ya tatu ikatushauri tusubiri.

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika uwanja wa kanisa na ulikuwa wa moto. Vijana walitaka kuchoma matairi barabarani. Wengine walitaka tumtafute mkubwa mmoja wa siasa atuombee, na kwa kweli hiyo ndiyo njia ambayo kartie nyingi hufuata. Mimi niliipinga waziwazi, na ningeipinga tena leo, kwa sababu ulinzi wa mkubwa unadumu kadiri cheo chake kinavyodumu, na siku anapoondoka msalaba unarudi ukutani bila ya kuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ulifutwa kwa haki. Aliyetuonyesha njia alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyewahi kuchora ramani katika kampuni ya madini. Alisimama, akasubiri kelele zipungue, akasema: « Mama katibu, waandikie watuonyeshe mstari. Misalaba hii lazima ilifuata mstari fulani. Tusigombane na rangi, tuuone mstari kwanza. »

Kuuona mstari huo hakukuwa jambo jepesi. Tuliambiwa kwanza kwamba ramani ni siri ya ofisi, kisha kwamba nakala inalipiwa, kisha kwamba mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Tulichojifunza ni kutoomba kwa mdomo. Kila tuliporudi tulikuwa na barua yenye nakala ya pili, na nakala hiyo tuliomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani anayekataa kukuonyesha ramani hawezi kwa urahisi kukataa kugonga muhuri kwenye barua, na mihuri hiyo ikiwa mingi, mkubwa wake anaanza kujiuliza kwa nini jambo hili halijajibiwa.

Hatimaye tuliruhusiwa kuiangalia mezani, na mzee akainakili kwenye karatasi angavu aliyokuja nayo. Mambo mawili yalionekana mara moja. La kwanza, karibu kartie yetu yote ilikuwa imechorwa kama shamba na msitu. Katika macho ya mpango ule sisi hatukuwepo, ingawa tulikuwa na makanisa, shule ndogo ya kulipia, soko la asubuhi na mamia ya nyumba za matofali. La pili lilikuwa gumu zaidi kwa watu kulipokea: mistari iliyokuwa imezaa misalaba ilihifadhi vitu ambavyo sisi wenyewe tulikuwa tukivililia kila siku. Kulikuwa na ukanda wa chini ya nyaya za umeme wa msongo mkubwa, bonde la dambo linalopitisha maji ya mvua, avenyu kuu ya mita 20 kwa upana, na eneo la shule ya serikali pamoja na soko. Kwa miaka tulikuwa tumelalamika kwamba hatuna barabara, hatuna shule na maji yanaingia ndani ya nyumba, na sasa tulikuwa tunaangalia karatasi inayoonyesha mahali ambapo hayo yote yangekaa kama tusingejenga juu yake.

Tulirudi na kamba ya kupimia na vijiti, tukauhamisha mchoro ardhini. Kazi hiyo ilitupa nguvu kuliko maandamano yoyote, kwa sababu ilifichua kwamba misalaba haikufuata mstari kwa uaminifu. Nyumba kadhaa zilizokuwa nje kabisa ya hifadhi ya barabara zilikuwa zimepakwa rangi, na nyumba moja ya ghorofa iliyokalia hifadhi hiyo kwa karibu nusu ya upana wake ilikuwa safi. Tuliandika jedwali la kila kiwanja na umbali wake kutoka katikati ya avenyu. Tangu siku hiyo hatukuzungumza tena na ofisi yoyote kama watu wanaoomba huruma. Tulizungumza kuhusu mita.

Kuhusu nyaya za msongo mkubwa, sikuwa na la kubishana na sikukubali kamati ibishane. Umeme wa bwawa la Inga, kwenye mto Kongo, unasafiri karibu kilomita 1,700 hadi Kolwezi kabla ya kuletwa huku kwetu, na njia hizo ndizo zinazolisha migodi na mji mzima. Hakuna ofisi itakayozihamisha kwa ajili ya vyumba vyetu, na mtu anayelala chini yake anaweka watoto wake hatarini kila usiku wa mvua na radi. Waliokuwa wamejenga pale walikuwa wachache, na walikuwa wameuziwa kwa bei ya chini na wauzaji waliojua vizuri kwa nini bei ilikuwa ya chini.

Bonde ndilo lililotuumiza. Hapa mvua inaanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili, na dambo, ambalo wakati wa kiangazi ni uwanja mkavu wa nyasi ambao mgeni yeyote anaweza kuuona kuwa mahali pazuri pa kujenga, linajaa maji kutoka chini kabla hata ya mvua kubwa kufika. Katika viwanja vya mita 15 kwa 20, kisima na choo vinakaa karibu karibu. Maji ya ardhini yakipanda, vilivyomo chooni vinafika kisimani, na watu wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa maana ya kipindupindu. Kwa hiyo ofisi ya mipango ilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kutaka bonde libaki wazi. Lakini katika bonde hilo aliishi mama mmoja mjane, mwenye nyumba ya vyumba vitatu, ambaye alihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki stakabadhi za komuni za kila mwaka tangu alipohamia. Alizitandaza zote mbele ya afisa mmoja, kwa mpangilio wa miaka, na akaambiwa: « Mama, kulipa kodi si ruhusa ya kujenga. »

Kisheria jibu hilo ni sahihi. Mimi nilikuwepo, na sijaacha kuliona kuwa dhuluma. Mama yule hakulipa kwa mtu binafsi. Alilipa kwa serikali, dirishani, akapewa karatasi yenye nembo ya Jamhuri. Dola iliyopokea fedha hizo kwa mkono mmoja ndiyo hiyo hiyo iliyopaka rangi kwa mkono mwingine, na haiwezi kuwa halali kwamba mkono wa kwanza unapokuwa kazini wa pili unajifanya haupo. Ikiwa bonde halijengwi, basi komuni isifungue fishi bondeni, na mtu wa kwanza anayeweka msingi aambiwe siku anapouweka, kabla hajamaliza akiba ya maisha yake yote.

Chanzo cha mikono hiyo kutojuana kipo katika namna tunavyotawaliwa. Katiba ya mwaka 2006 na sheria ya ugatuzi ya tarehe 7 Oktoba 2008 zinautambua mji na komuni kuwa mamlaka zenye utu wa kisheria na bajeti zao. Kartie haimo katika hesabu hiyo: ni sehemu ya utawala tu, na shefu wake hawezi kuiwekea saini makubaliano yoyote ya ardhi. Huduma za ardhi na upimaji nazo zinafuata wizara za taifa zilizoko Kinshasa, hata kama ofisi zake ziko hapa mjini. Tangu Katanga ya zamani igawanywe mwaka 2015 na sisi tukawa Haut-Katanga, jimbo lina serikali yake na waziri wake wa mambo hayo. Kila ngazi ina muhuri wake na kila muhuri una ada yake, na hakuna sheria inayoilazimisha ngazi moja kuisoma karatasi ya nyingine. Mkaaji anazunguka kutoka dirisha hadi dirisha, na kila dirisha linamwambia ukweli wake wa nusu.

Kutokana na hilo tulifanya jambo ambalo ningependa kila kamati ya pembezoni ilifanye. Tuliacha kuandika barua kwa kila ofisi peke yake. Tuliandika barua moja, tukaorodhesha juu yake ofisi zote tulizoziandikia, ili kila mkubwa aone kwamba wenzake wamepokea maneno yale yale, na tukawaomba waje wote siku moja, uwanjani, pamoja na shirika la umeme, mfumu na warithi wa shamba. Ilichukua muda mrefu na tarehe iliahirishwa zaidi ya mara moja. Walipokuja, lililotokea ndilo tulilolitarajia: watu wa komuni na watu wa ardhi walianza kubishana wao kwa wao mbele yetu, kila upande ukiwa na orodha yake ya viwanja, na orodha hizo hazikulingana. Ilikuwa mara ya kwanza wakaaji kuona kwamba ofisi haziwapingi wao kwa sauti moja, na ilikuwa mara ya kwanza maafisa hao kuona karatasi za wenzao. Mzee wetu aliweka mchoro wake juu ya meza ya mama muuza mikate na kila aliyezungumza aliombwa aweke kidole mahali anapozungumzia.

Siku ile ilizaa hati ya makubaliano iliyosainiwa palepale. Nasisitiza palepale, kwa sababu tumewahi kuahidiwa hati ambayo ingetumwa baadaye na hatujaiona hadi leo. Misalaba iliyokuwa nje ya mstari ilifutwa kwa maandishi. Nyumba za chini ya nyaya zilipewa muda wa kuhama. Mfumu na warithi, ambao bado walikuwa na ardhi isiyouzwa upande wa juu, walikubali kutoa viwanja kwa baadhi ya familia za bondeni, nao hawakufanya hivyo kwa ukarimu mtupu, bali kwa sababu wote walikuwa wamesimama mbele ya watu waliowauzia. Mama mjane alipata kiwanja kilicho mbali zaidi na barabara. Gharama ya kujenga upya hakuna aliyemlipa. Vijana wa kartie walibomoa nyumba yake polepole ili matofali yasivunjike, wakayabeba kwa mikokoteni, na jirani mmoja akatoa mabati. Wapo walioniambia kwamba huo ulikuwa mwisho mzuri. Mimi siuiti hivyo, maana mtu aliyelipa serikali kwa miaka yote hiyo alistahili fidia, na mshikamano wa majirani haupaswi kuhesabiwa badala ya wajibu wa Dola.

Kuna jambo la umeme ambalo nalitaja kwa kifupi. Kabla ya haya yote, wakaaji wa avenyu mbili walikuwa wamechanga fedha, wakanunua kabini, yaani kituo kidogo cha transfoma, nguzo na nyaya, na kuzisimika. Walizisimika pale palipokuwa na nafasi, yaani ndani ya hifadhi ya barabara, kwa kuwa ndipo pekee palipokuwa hapajajengwa. Sasa avenyu ikipanuliwa nguzo lazima zihame, na hakuna karatasi inayosema nani atalipa, kwa sababu vifaa vilinunuliwa na wakaaji na kisha vikaingia katika mtandao wa shirika. Kartie inayotaka kuchanga kwa ajili ya kabini iulize kwanza mstari wa barabara unapita wapi, na iandike mkataba wa umiliki kabla ya nguzo ya kwanza kusimama.

Lililobaki ni avenyu na shule. Eneo la shule tuliliwahi: tulilizungushia mawe ya mipaka na miti, kila asubuhi ya Jumamosi watu wa avenyu moja wanalifyeka kwa zamu, na tumeomba lisajiliwe kwa jina la umma, kwa sababu eneo lililo wazi bila jina katika vitabu litauzwa tu, ikiwa si mwaka huu, mwaka ujao. Kuhusu avenyu, ofisi inashikilia mita 20 na wenye viwanja vya kando wanaomba 15, na kamati yenyewe imegawanyika. Mimi niko upande wa 20, hata kama maoni hayo yamenipunguzia salamu za baadhi ya majirani. Gari la zimamoto na lori la taka vinahitaji kupishana, na mfereji wa maji ya mvua unahitaji nafasi pande zote mbili. Anayejibana leo atawabana wajukuu. Ninachodai kwa nguvu ile ile ni kwamba mita zinazoongezwa zikatwe pande zote mbili sawasawa, na kwamba ile nyumba ya ghorofa ipimwe kwa kamba ile ile.

Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura kuchagua madiwani wa komuni, mara ya kwanza chini ya Katiba hii, na tumewapelekea madiwani wa upande wetu nakala ya mchoro, ya jedwali la viwanja na ya hati ya makubaliano. Tumewaomba jambo moja mahususi: komuni isitoe fishi mpya kabla ya ofisi ya ardhi kuthibitisha kwa maandishi kwamba kiwanja hakimo katika hifadhi. Barua yetu ya mwisho kwa jimbo inaomba wapimaji warudi kabla ya mvua kuanza, na shefu wa kartie amemwagiza kila mwenye kiwanja kando ya avenyu afyeke mbele yake ili mawe ya mipaka yaonekane watakapofika.